Sanseveria, mshubiri au zamiokulkasi: mmea upi ufaao nyumba ya Goma?

Mtu wa Goma anayetafuta mmea wa ndani usiomsumbua kwa kawaida hujikuta akichagua mmoja kati ya mitatu: sanseveria yenye majani marefu yaliyosimama wima, mshubiri ambao wengi wetu tunauita alovera, na zamiokulkasi yenye vijani vya kijani kibichi vinavyong'aa. Yote mitatu huhifadhi maji mwilini, yote mitatu huvumilia kusahauliwa, na wauza miche wa kando ya barabara huisifu kwa maneno yale yale, kwamba haina kazi. Sifa hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Kila mmoja una jambo usilolisamehe, na jambo hilo hutofautiana kati ya mmea na mwenzake. Ndiyo maana mshubiri unaostawi kwenye baraza la jirani hudhoofika sebuleni kwako, na sanseveria iliyokaa miaka mingi katika korido ya ofisi huoza ndani ya msimu mmoja wa mvua baada ya kuhamia kwa mtu mwenye bidii.

Kwa maoni yangu, swali la mmea upi ni mgumu kuliko mwingine halisaidii sana, kwa sababu yote ni migumu. Linalosaidia ni kujua dirisha lako linatoa mwanga kiasi gani, na nani katika nyumba yako anashika kikombe cha maji.

Kila mmoja ulikotoka

Sanseveria, ambayo wataalamu wa mimea sasa wanaiweka katika jenasi ya Dracaena na kuiita Dracaena trifasciata, ni mwenyeji wa Afrika ya kitropiki, kuanzia Nigeria hadi huku kwetu Kongo. Aina yenye pindo la njano pembeni mwa jani, ile inayopendwa zaidi sokoni, inaitwa Laurentii kwa heshima ya Émile Laurent, mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji aliyefanya safari za utafiti Kongo na kufariki mwaka 1904. Mmea huu umezoea kuishi chini ya kivuli cha miti mikubwa, na tabia hiyo haujaiacha.

Mshubiri wa alovera asili yake ni Bara Arabu, nchi ya mawe, joto na jua kali. Zamiokulkasi nayo ni ya upande wa mashariki wa Afrika, kuanzia Kenya, kupitia Tanzania na Zanzibar, hadi kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini. Wanasayansi waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1829, lakini haikuwa bidhaa ya dunia nzima hadi wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuizalisha kwa wingi karibu na mwaka 1996. Chini ya udongo ina viazi vinavyotunza maji, na juu yake hukua polepole mno. Polepole hiyo ndiyo inayofanya bei yake kuwa juu kuliko ya wenzake, popote utakapoikuta.

Dirisha

Maandishi mengi juu ya mimea ya ndani yameandikwa kwa ajili ya Ulaya au Marekani, na ushauri wao wa kwanza ni kuuweka mmea unaopenda jua kwenye dirisha la kusini. Goma iko chini ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta, kwa hiyo ushauri huo hautufai hata kidogo. Jua letu la adhuhuri hupita karibu na utosi: kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba huinamia kaskazini, upande wa volkano ya Nyiragongo, na miezi iliyobaki huinamia kusini, upande wa Ziwa Kivu. Dirisha la kaskazini hupata jua lake katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, dirisha la kusini hulipata zaidi karibu na Desemba, na yote mawili mara nyingi hunyimwa na upenu wa mabati. Madirisha yanayopata jua la kweli mwaka mzima ni ya mashariki na ya magharibi, na kati ya hayo la mashariki ni bora, kwa kuwa jua la asubuhi haliunguzi majani, na katika miezi ya mvua mawingu hupenda kukusanyika alasiri.

Mshubiri unahitaji dirisha kama hilo. Ukipata jua la moja kwa moja kwa saa nne au zaidi kila siku, majani yake husimama, huwa manene na yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu. Ukinyimwa, majani huanza kurefuka, hupauka, huwa membamba kisha hulala pande zote kana kwamba mtu ameyakalia. Watu wengi wakiyaona hivyo hudhani mmea una kiu, wanauongezea maji, na hapo ndipo kifo kinapoanzia. Kinyume chake pia kipo: mshubiri uliokaa ndani muda mrefu ukitolewa ghafla kwenye jua la mchana hugeuka rangi ya kahawia yenye wekundu. Hiyo si maradhi. Usogeze hatua kwa hatua, kwanza barazani penye kivuli, halafu mbele zaidi, nao utarudi katika rangi yake.

Sasa tutazame nyumba zetu zilivyo. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao juu ya mawe ya volkano, zimekaribiana, na dirisha la sebule huenda likatazama ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono mmoja. Juu ya dirisha kuna vyuma vya kuzuia wezi, ndani kuna pazia zito ambalo kwa sababu za heshima na usalama halifunguliwi kikamilifu. Katika chumba cha namna hiyo mshubiri hauna maisha. Sanseveria inaishi. Zamiokulkasi inaishi pia, na tena bila kupoteza mng'ao wake, jambo ambalo sanseveria yenye pindo la njano haiwezi kuahidi, kwa kuwa katika giza la kudumu rangi zake hufifia.

Njia rahisi ya kupima mwanga ni kuweka karatasi nyeupe pale unapotaka kuuweka mmea, wakati wa adhuhuri, na kushika kiganja juu yake kwa umbali wa shibiri moja. Kivuli kikiwa na kingo kali zinazoonyesha kila kidole, weka mshubiri. Kikionekana lakini kingo zimefifia, hapo ni pa sanseveria. Kikiwa ni weusi hafifu tu, lakini bado unaweza kusoma gazeti bila taa, jaribu zamiokulkasi. Pale ambapo huwezi kusoma gazeti mchana usiweke mmea wowote. Taa yenye nguvu ingeweza kusaidia, lakini umeme wetu tunaujua.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: kuvumilia kivuli si kukipenda. Sanseveria iliyo mbali na dirisha hubaki kama ilivyokuja, bila jani jipya, kwa muda mrefu sana. Ukitaka iongezeke, isogeze ifike mita moja au mbili kutoka kwenye dirisha lenye mwanga mzuri, na utaona ncha changa zikitokeza udongoni. Halafu, mmea ulio kivulini hunywa polepole zaidi, kwa hiyo kila kosa la maji hugharimu zaidi.

Maji, na mikono inayoyamimina

Mizizi huhitaji hewa kama inavyohitaji maji. Udongo ukilowa muda mrefu, nafasi zote za hewa hujaa, mizizi hudhoofika, na ukungu na bakteria huimaliza. Mimea hii mitatu ina kinga dhidi ya ukame lakini haina kinga dhidi ya hali hiyo. Sanseveria na mshubiri hufungua vitundu vidogo vya majani yao usiku badala ya mchana, huvuta hewa ya kaboni wakati wa baridi na kuitumia jua likichomoza, na kwa njia hiyo hupoteza maji machache sana; zamiokulkasi nayo huweza kufanya hivyo hasa inapokuwa na kiu. Mmea wenye utaratibu kama huo hauna matumizi na kikombe cha kila siku.

Hapa Goma tahadhari iongezwe. Tuko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, wastani wa joto ni karibu nyuzi 20, na usiku ni wa baridi, kwa hiyo udongo hukauka polepole kuliko ndani ya nyumba ya Ulaya inayopashwa joto au nyumba ya pwani inayovumiwa na upepo. Mnunuzi akimuuliza muuzaji, "Papa, hii inaomba maji mara ngapi?" mara nyingi hujibiwa, "Mara moja kwa juma inatosha, mama," na jibu hilo hutolewa kwa mmea wowote ule. Kwa mshubiri wa barazani mwezi wa Julai, jibu hilo linakaribia ukweli. Kwa sanseveria ya sebuleni ni mara mbili au zaidi ya kinachohitajika, na kwa zamiokulkasi mwezi wa Novemba ni hukumu ya kifo.

Kama kipimo cha kuanzia, mshubiri unywe kila baada ya siku 10 hadi 14 katika kiangazi na kila baada ya majuma matatu mvua zikiwa nyingi. Sanseveria kila baada ya majuma mawili au matatu kiangazini na mara moja kwa mwezi wakati wa mvua. Zamiokulkasi mara moja kwa mwezi, na ikichelewa zaidi haitalalamika. Lakini kalenda isizidi nguvu ya kijiti. Chukua kijiti kikavu cha mishikaki, kichome hadi karibu na chini ya chombo, kiache kwa dakika chache na ukichomoe. Kikitoka kimebeba udongo au kimebadilika rangi kwa unyevu, rudisha maji ndani ya bidoni, yaani dumu. Kikitoka kikavu, mwagilia vizuri hadi maji yatoke chini, kisha mwaga kilichobaki katika sahani. Kunyunyizia kidogo kidogo kila mara ni kubaya kuliko kumwagilia sana mara moja na kuacha.

Kila mmea huonyesha kosa kwa namna yake. Sanseveria iliyozidiwa na maji hulainika pale jani linapoingia udongoni, hugeuka njano, hutoa harufu mbaya, na jani hung'oka ukilivuta kwa vidole viwili. Zamiokulkasi hugeuza vijani vyake njano kimoja baada ya kingine. Ikiwa na kiu, shina lake hunyauka na kuwa na mikunjo. Mshubiri wenye kiu hujikunja kingo kuelekea ndani na kuwa mwembamba, nao ndio unaorudi haraka kuliko wote ukinyweshwa.

Maji yenyewe yanastahili neno. Mengi tunayotumia mjini, yawe ya bomba au ya bidoni zinazopandishwa kwa chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, kutoka ufukweni, hutoka Ziwa Kivu, na maji ya ziwa hili yana magadi: pH yake, yaani kipimo cha asidi na magadi, kwenye maji ya juu inakaribia 9, na chumvi zilizoyeyuka ndani yake ni karibu gramu moja kwa lita. Ukiyatumia mwaka mzima utaona utando mweupe juu ya udongo na kwenye ukingo wa chombo. Mshubiri huvumilia chumvi kuliko wenzake. Kwa mingine miwili, kila baada ya miezi michache mwagilia kwa maji mengi ya mvua ili chumvi isukumwe itoke chini. Kuhusu mvua nako tuangalie, kwa sababu ile inayopita katika moshi wa volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, hubeba asidi na floridi, na mimea ya jenasi ya Dracaena inajulikana kuumizwa na floridi, ncha za majani zikigeuka kahawia. Acha manyunyu ya kwanza yaoshe bati, na siku ambazo moshi umelala juu ya mji usikinge kabisa. Maji yenye sabuni ya nguo usiyatumie; yale ya kusuuzia mboga hayana neno.

Kisha kuna suala la watu. Nyumba ya mtu mmoja na nyumba ya watu wanane hazifai mmea mmoja. Katika familia kubwa, ndugu mkubwa humwagilia asubuhi kwa kuwa aliambiwa, mtoto humwagilia mchana kwa kuwa anapenda, na mgeni akimaliza kunywa humimina mabaki ya glasi ndani ya chombo kwa kuona ni wema. Hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya, na mmea huoza. Katika nyumba hiyo ningechagua mshubiri, mradi kuna dirisha la mashariki au baraza, kwa sababu jua na upepo hukausha makosa ya watu. Ikiwa hakuna jua, basi sanseveria katika chombo cha udongo wa kufinyanga chenye kokoto nyingi, na agizo kwamba mtu mmoja tu ndiye mwenye ruhusa ya kuimwagilia. Zamiokulkasi katika nyumba ya mikono mingi ni fedha iliyopotea. Ni mmea wa mtu mmoja, wa ofisi, au wa yule anayesafiri Bukavu au Butembo na kurudi baada ya majuma matatu.

Kokoto tulizo nazo

Katika jambo hili Goma ina bahati. Miji mingine watu hununua kwa mifuko mawe mepesi yenye matundu ili kuchanganya na udongo wa mimea ya aina hii, sisi tunayakanyaga. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na yale mawe meusi yenye vitundu vingi, yakipondwa, huruhusu maji kupita na kubakiza hewa. Chagua kokoto za ukubwa wa punje za mahindi, ziwe nyepesi na zenye matundu, uzioshe mpaka maji yaache kuwa meusi, kwa kuwa vumbi lake laini likiachwa huziba nafasi zote na kazi inakuwa bure.

Kwa sanseveria ya chumba chenye kivuli changanya sehemu mbili za kokoto na sehemu moja ya udongo mweusi wa shambani. Kwa mshubiri wa juani nusu kwa nusu inatosha. Zamiokulkasi hupenda nusu kwa nusu pia, na ikiwezekana udongo uwe na majani yaliyooza vizuri. Kokoto zichanganywe na udongo wote. Desturi ya kutandika tabaka la mawe chini ya chombo kisicho na tundu haisaidii, kwa sababu maji hubaki yameshikwa katika udongo ulio juu ya mawe hayo, na mizizi hukaa palepale penye unyevu. Kopo la maziwa au ndoo iliyopasuka ni chombo kizuri kama kingine chochote, lakini itobolewe chini.

Sanseveria ina nguvu ya ajabu katika mashina yake ya chini. Ikibanwa miaka kadhaa huweza kupasua ndoo ya plastiki. Kubanwa huko huipenda, kwa hiyo usiiharakishie chombo kikubwa. Ila majani yake ni marefu na mazito, na katika mji unaotikisika kama huu ni busara kuiweka katika chombo kizito, kipana na kifupi, si juu ya kabati.

Vumbi

Vumbi jeusi la barabara zetu huingia kila mahali, na jani lililofunikwa hupokea mwanga kidogo zaidi, hasara kubwa katika chumba ambacho mwanga wenyewe ni haba. Hapa sanseveria inashinda waziwazi: unashika jani kwa mkono mmoja, unapitisha kitambaa kibichi kutoka chini hadi juu, mara moja kila upande, kitambaa kinatoka cheusi na jani linarudisha mistari yake. Zamiokulkasi ina vijani vingi kwa kila tawi, na kuvifuta kimoja kimoja kunachosha. Afadhali itolewe nje na kumwagiwa maji kwa kopo, ikiwa imeinamishwa ili udongo usilowe. Mshubiri una meno pembeni na hukwaruza kidole, lakini kama unakaa barazani mvua huuosha. Mafuta ya kupikia ya kung'arishia majani, ambayo baadhi ya watu huyatumia wageni wakikaribia, huziba vitundu vya jani na kunasa vumbi zaidi.

Watoto, mbuzi na sifa zisizo za kweli

Hakuna kati ya hii mitatu ulio chakula. Sanseveria ina saponini zinazoweza kumtapisha mtoto au mnyama anayeitafuna. Zamiokulkasi ina chembe kali za oksalati ya kalsiamu zinazowasha mdomo na koo. Mshubiri unajulikana kwa ute wake, ambao watu hupaka juu ya ngozi iliyoungua na jua, lakini kati ya ganda na ute kuna utomvu wa njano, mchungu, unaoharisha kwa nguvu, na mama mjamzito asiunywe. Hata hivyo, mmoja wowote kati yao ni wa amani ukilinganishwa na mnyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani unaopandwa kuwa uzio na ambao siku hizi baadhi ya watu huuingiza ndani kwa sura yake. Maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni huleta maumivu makali na huweza kuharibu uwezo wa kuona kwa muda. Uache uzioni.

Wauzaji husema pia kwamba sanseveria husafisha hewa na kutoa oksijeni usiku. Chanzo cha sifa ya kwanza ni utafiti wa NASA wa mwaka 1989 uliofanyika ndani ya masanduku madogo yaliyofungwa. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliokusanya majaribio mengi ya aina hiyo ulionyesha kwamba katika nyumba ya kawaida ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ilingane na kile ambacho mzunguko wa kawaida wa hewa kati ya nje na ndani tayari unafanya. Sifa ya pili imechanganya mambo, kwa sababu kinachofanyika usiku ni kuvuta hewa ya kaboni, huku oksijeni ikitolewa wakati wa mwanga. Ninalisisitiza kwa kuwa hapa si mchezo: hakuna mmea utakaomlinda mtu aliyelala na mbabula ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa, wala utakaoondoa mazuku, ile hewa ya kaboni inayotoka ardhini na kuua, katika viwanja vya mabondeni karibu na ziwa.

Kuzalisha

Mshubiri huzaa vichipukizi pembeni mwa mama. Ukikitenga kimoja chenye mizizi na kukiacha siku mbili tatu jeraha likauke, umemaliza. Sanseveria hugawanywa kwa kisu kwenye shina la chini, au jani lake hukatwa vipande vya sentimita 5 hadi 8 na kuchomekwa kwa kuzingatia upande uliokuwa chini ubaki chini, lakini ile ya pindo la njano ikizalishwa kwa vipande vya jani hutoa watoto wa kijani kitupu, kwa hiyo igawanye kwenye shina tu. Zamiokulkasi huota hata kutoka kwa kijani kimoja, ila huchukua miezi mingi kabla ya kutoa tawi la kwanza. Mwenye nia ya kuwagawia ndugu na majirani achague mshubiri.

Kama unanunua leo

Sebule yenye pazia na watu wengi ichukue sanseveria ya kijani kitupu, ambayo ni ya bei nafuu na hustahimili giza kuliko yenye pindo. Baraza au dirisha la mashariki lichukue mshubiri. Ofisi yenye mwanga hafifu, inayofungwa Ijumaa na kufunguliwa Jumatatu, na ambayo mtu mmoja anaweza kukabidhiwa jukumu, ichukue zamiokulkasi. Aliye na dirisha lenye jua lakini hapendi sura ya mshubiri anaweza kufikiria krasula, kichaka kidogo cha Afrika Kusini na Msumbiji chenye majani ya mviringo, ambacho kwa mwanga na maji hutunzwa karibu sawa na mshubiri na huishi miaka mingi. Na mwenye ndugu Lubumbashi anayetaka kumpelekea mche amkumbushe kwamba usiku wa Juni na Julai huko ni wa baridi kuliko wetu. Sanseveria huumia joto likishuka chini ya nyuzi 10, basi isilale imegusa kioo cha dirisha.

Kabla ya kulipa, inua chombo uone kama kina tundu na kama ni kizito kwa maji, maana miche mingi humwagiliwa kila asubuhi ili ionekane hai mbele ya wateja. Bonyeza kwa kidole gumba pale jani linapokutana na udongo, pawe pagumu. Katika zamiokulkasi tafuta tawi changa la kijani hafifu linalotokeza katikati, kwa kuwa hilo huonyesha viazi vyake ni vizima. Ukifika nyumbani usiumwagilie mmea siku hiyo wala kuuhamisha chombo. Uache mahali pake pa kudumu hadi kijiti kitoke kikavu, kisha ndipo uutoe katika udongo wa muuzaji, ukate mizizi yoyote iliyolainika, na uupande katika kokoto zako.